Hoja Dhidi ya Kengele ya Saa Kumi

Iko dhana iliyokita mizizi katika nyumba na shule za Taita Taveta, toka nyanda zenye joto za Voi na Mwatate hadi miinuko yenye ukungu ya Wundanyi na Mgange, ya kwamba bidii ya mwanafunzi wa sekondari hupimwa kwa uchache wa usingizi wake. Mwanafunzi alalaye kwa muda wa saa nne husifiwa kuwa ana ghera, alalaye kwa muda wa saa nane hushukiwa kuwa ni ajizi, na shule iwaamshayo watoto kwa kengele ya saa kumi alfajiri huhesabiwa na wazazi wengi kuwa imezishinda kwa nidhamu shule jirani zisubirizo mapambazuko. Dhana hii haina mwasisi mmoja, wala haikuandikwa mahali popote penye mamlaka. Mzazi huipokea kwa jirani yake, mwalimu kwa mwalimu aliyemtangulia, na mwanafunzi mgeni kwa mwanafunzi mwenyeji, hata imekuwa kama sehemu ya imani ya shule. Nami naandika kuipinga, kwa sababu naamini kuwa inawadhuru vijana tunaowapenda, na kwamba madhara yake huwafikia hasa katika kitu kilekile tunachodai kuwatafutia, yaani maarifa.

Insafu yataka kwanza hoja ya upande wa pili ielezwe kwa ukamilifu wake. Wasemaji wake hunena kwamba muda ni mchache na mtaala ni mrefu; kwamba mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari nchini Kenya, uliofanywa kwa mara ya kwanza 1989, huamua kwa majuma machache mambo ya miaka minne; kwamba mtoto wa mkulima wa Sagalla au wa kibarua wa mashamba ya mkonge hana mjomba mwenye cheo wa kumwinua, ana kalamu yake tu; na kwamba madhali saa za mchana ni sawa kwa kila mtoto nchini, atakayewashinda wenziwe ni yule ajuaye kujiongezea saa kutoka katika usiku. Hoja hii ina huruma ndani yake, tena ina hesabu, ndiyo maana imewavuta watu wengi walio wema. Walakini kosa lake limo katika hesabu yenyewe, kwani huhesabu saa ambazo kitabu kilikuwa wazi mbele ya uso wa mwanafunzi, na haiulizi hata mara moja ni kiasi gani cha kitabu hicho kilichobaki katika fahamu zake jua lilipochwa siku ya pili.

Jambo la kwanza ambalo wengi hawalijui, au hulijua wakalinyamazia, ni kwamba kengele ya saa kumi inakwenda kinyume na kanuni za nchi. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zimepanga saa za shule kwa uwazi usioacha shaka: masomo ya darasani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, michezo na shughuli nyingine za pamoja baada ya hapo, prepu kwa shule za bweni kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu usiku, kisha mapumziko ya kulala toka saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni saa nane na nusu kamili, zilizowekwa kuwa haki ya mtoto. Kadhalika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, katika kifungu cha 37, imekataza masomo ya ziada wakati wa likizo, ikamwekea avunjaye amri hiyo faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au adhabu zote mbili. Shule ni mahali ambapo raia wa kesho hujifunza kuiheshimu sheria. Haifai iwe mahali aionapo sheria ikivunjwa kila alfajiri mbele ya macho yake, tena kwa jina la nidhamu.

Lakini sheria yaweza kukosea, na mtu aweza kudai kwamba waliotunga kanuni hizo hawakuijua njaa ya mtoto wa Kasigau ya kutaka kufaulu. Basi na tuiache sheria kwa muda, tuitazame akili yenyewe na namna ifanyavyo kazi.

Mwaka 1885 mwanachuoni wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana na kupima jinsi zilivyomtoka, akabaini kwamba sehemu kubwa ya tunayojifunza hupotea katika saa za mwanzo, kisha upotevu hupungua kasi. Mwaka 1924 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, Jenkins na Dallenbach, waliwapa wanafunzi wawili orodha za silabi za namna hiyohiyo, mara nyingine kabla ya kulala na mara nyingine mwanzoni mwa siku ya kazi, wakaona kwamba walipolala walikumbuka zaidi kuliko walipokaa macho kwa muda uleule. Watafiti waliokuja baada yao wamezidisha ithibati juu ya ithibati ya kwamba mtu alalapo ubongo wake haulali kama mlango uliofungwa, bali huyapanga na kuyatia nguvu yaliyosomwa mchana. Basi mwanafunzi asomaye baiolojia hadi saa nane usiku na kuamshwa saa kumi amefanya nusu ya kazi na kuikatiza nusu ya pili, nayo ndiyo iliyokuwa ya kumwachia mali aliyoichuma. Wala si ajabu kumwona saa nne asubuhi, mwalimu akiwa ubaoni na bati la darasa la Voi limekwisha kupata moto, kichwa chake kikiangukia daftari, na somo la dakika arubaini, ambalo mwalimu aliliandaa, likimpita bila ya kumgusa. Saa alizodhani amejiongezea usiku amezilipa kwa saa za mchana, na hayo ndiyo mahesabu ambayo upande wa pili haujayafanya.

Huenda mtu akajibu: na walale mapema, waamke mapema. Jibu hili lingekuwa na nguvu lau mwili wa kijana ungekuwa kama wa mtu mzima. Lakini imedhihirika kwamba katika miaka ya ubalehe saa ya mwili husogea mbele, hata kijana hajiliwi na usingizi kwa wepesi katika saa zile za jioni ambazo mtoto mdogo au mzee hulala. Na jumuiya ya Marekani ya madaktari wa tiba ya usingizi, katika nasaha yake ya 2016, iliweka kiwango cha saa nane hadi kumi kwa kila siku kwa vijana wa umri wa miaka 13 hadi 18. Tukimwamsha saa kumi alfajiri hatumpi asubuhi ndefu. Twamkatia usiku tu.

Wako wazee wanaotuambia kwamba wao walisoma kwa koroboi na kuamka na jogoo wa kwanza, na leo ni mawakili na madaktari. Nawaheshimu, wala sikani taabu zao. Lakini nawaomba wakumbuke na upande mwingine wa habari yao wenyewe: mafuta ya taa yalinunuliwa kwa chupa, na mama wa nyumba hakuacha utambi uwake mpaka usiku wa manane kwa ajili ya daftari la mtu mmoja, na taa ikizimwa, nyumba nzima ililala. Wengi wao walipata usingizi ambao mjukuu wao, mwenye umeme juu ya kichwa na simu chini ya mto, hauoni. Kuikumbuka asubuhi yao na kuusahau usiku wao si ushahidi kamili.

Tena husikia ikitajwa methali isemayo kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu, kana kwamba wahenga wa pwani walikuwa wamewaandikia hoja watetezi wa kengele. Mimi methali hiyo naikubali kwa moyo wote. Ila mgaagaa na upwa mwenye kujua kazi yake huenda maji yanapokupwa, wakati chaza na kaa wanapoonekana. Maji yakijaa hurudi nyumbani akapumzika na kushona wavu wake, kwa kuwa ajua kwamba kutembea ndani ya maji ya kiunoni hakumwongezei kitoweo. Jitihada isiyojua wakati wake haikusifiwa na wahenga popote.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo laniuma zaidi, kwa sababu hapa ndipo dhana hii huwaibia vijana wenye bidii ya kweli. Iko njia ya kusoma inayopendwa mno katika mabweni yetu, nayo ni kurudia kusoma kurasa zilezile mara nyingi usiku wa kuamkia mtihani, mpaka maneno yakawa mepesi machoni, na wepesi huo ukadhaniwa kuwa ni elimu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Kundi moja likazisoma tena na tena, kundi la pili likasoma kisha likafunga maandishi na kujaribu kuyaandika kwa kukumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya juma moja, mambo yalipinduka, na waliojipima wakawa mbele kwa tofauti kubwa. Katika matokeo hayo mawili imo siri yote ya udanganyifu wa kukesha: mkeshaji hujipima usiku uleule, akajiona tajiri, na ufukara wake humdhihirikia ndani ya chumba cha mtihani, pale ambapo hakuna wa kumlaumu isipokuwa nafsi yake. Ndipo mwalimu humwambia kuwa hakutia bidii ya kutosha, naye huamini, na muhula ufuatao hupunguza usingizi wake zaidi. Sijui dhuluma iliyo kubwa kuliko kumwadhibu mtu kwa kosa la njia aliyofundishwa.

Njia iliyo bora haihitaji fedha wala taa ya usiku. Mwanafunzi asome sehemu ndogo, afunge kitabu, achukue karatasi tupu na kuandika yale aliyoyashika. Kisha afungue kitabu na kuona mapengo yake, maana mapengo hayo ndiyo somo lake la kweli la siku hiyo. Sehemu hiyo airudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya juma, kabla haijamtoka kabisa, badala ya kuilimbikiza yote mwezi wa Oktoba. Asichanganye kusoma na kutazama simu, kwa kuwa akili haigawanyiki bila ya hasara. Ayatumie maswali ya mitihani iliyopita kama kipimo cha ufahamu wake, wala si kama hirizi ya kubashiri yatakayoulizwa. Na amfundishe mwenzake kwa Kiswahili, au kwa Kidawida akitaka, lile somo alilolisoma kwa Kiingereza, kwani asiyeweza kulieleza jambo kwa lugha ya mama yake hajalielewa bado, hata akiwa amelihifadhi neno kwa neno. Mazoezi ya namna hii kwa saa mbili za prepu, akili ikiwa imepumzika, yamshinda mtu aliyekaa na kitabu saa sita huku akipigana na kope zake.

Upande wa pili huleta ushahidi wa matokeo, ukitaja shule zinazokesha na kupata alama za juu. Ushahidi huu wataka uangalifu. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata alama ya A katika KCSE. Mwaka uliofuata, ulinzi wa karatasi ulipoimarishwa na usahihishaji kusimamiwa upya, walioipata walikuwa 141 katika nchi nzima. Sidai kwamba tofauti hiyo yote ilitokana na wizi wa mitihani, lakini yatosha kutuonya tusiamini upesi kwamba kila alama tuliyoisifu ilikuwa matunda ya kukesha. Shule zinazochagua wanafunzi bora wa nchi nzima, zenye walimu wa kutosha na maabara zenye vifaa, zingefaulu hata zikilala. Na shule ya kata isiyo na mwalimu wa fizikia haitampata kwa kupiga kengele mapema.

Hayo ni ya bweni. Mwanafunzi wa kutwa ana kisa chake, na kwa Taita Taveta kisa hicho ni cha uhai na mauti. Hifadhi za Tsavo, zilizotengwa 1948, zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti hii, na ndovu hawasomi mipaka ya ramani. Wakati wa kiangazi hushuka na kupanda wakitafuta maji na malisho, wakaingia mashambani usiku na kuondoka karibu na mapambazuko, katika njia zilezile za Sagalla, za Mbololo, za Mwatate na za Kasigau wapitazo watoto waendao shule. Kumtaka mtoto wa kutwa awe darasani saa kumi na moja na nusu ni kumtaka atembee gizani katika saa ambayo mnyama huyo yu njiani akirudi. Na yule aishiye kando ya mji wa Voi, ambaye ndovu hawamfikii, huivuka barabara kuu ya Mombasa na Nairobi kabla ya mwanga, kati ya malori marefu ambayo madereva wao nao wamekesha. Mzazi gani angetia sahihi karatasi ya kukubali hatari hiyo lau ingeandikwa waziwazi? Wao huikubali kwa sababu haijaandikwa, na kwa sababu imevishwa vazi la bidii.

Naye msichana wa kutwa afikapo nyumbani jioni hungojwa na madumu ya maji, kuni, mdogo wake na sufuria, huku kaka yake akiambiwa akadurusu. Kisha huyu ndiye aambiwaye kwamba akitaka kufaulu apunguze usingizi. Saa zake zimekwisha kuchukuliwa na wengine. Usingizi ndio mali ya mwisho aliyobaki nayo, na twataka kumpokonya hiyo pia. Nyumba itakayo binti yake afaulu na imgawie kaka mtu dumu moja la maji. Hapo patapatikana saa ya kusoma ambayo haikuibwa kwa mtu.

Kisha liko neno la muguka, majani yatafunwayo ili kuufukuza usingizi. Mei 2024 serikali za baadhi ya kaunti za pwani, ya Taita Taveta ikiwa mojawapo, zilitangaza kuupiga marufuku, na jambo hilo likazua mabishano makali na kufikishwa mahakamani. Hekima ya marufuku yenyewe siijadili hapa. Nasema tu kwamba kijana aambiwaye kila siku kuwa asiyelala ndiye mshindi, atatafuta kitu cha kumzuia asilale. Leo ni kahawa kavu na miguu ndani ya beseni la maji baridi, kesho ni majani aliyopewa na mwenziwe nyuma ya bweni. Hatuwezi kuulaani muguka barazani na kuusifu darasani ukeshaji unaoutia hamu.

Nasikia pia lawama kwamba maneno haya ni ya kuwadekeza watoto, na kwamba kujitunza ni anasa ya wenye nacho. Naona kinyume chake. Mtoto wa tajiri akiugua hulazwa hospitali ya kulipia, akifeli hurudia mwaka au hupelekwa ng'ambo. Ni mtoto wa maskini ambaye hana mwili wa akiba wala mwaka wa akiba, na kwa hiyo siha yake ni rasilimali isiyofaa kuchezewa. Kunywa maji ya kutosha katika joto la Voi, kula uji wa asubuhi badala ya kuuacha kwa ajili ya kuwahi darasani, kulala ndani ya chandarua, kucheza mpira saa za michezo ambazo kanuni imezitenga na ambazo shule nyingi huzigeuza kuwa za hisabati, hayo si dalili ya udhaifu. Vivyo hivyo kwa msichana kudai sodo ambazo Sheria ya Elimu ya Msingi, iliporekebishwa 2017, ilimpa bila ya malipo katika shule ya umma. Asione haya kuziuliza, wala asikubali kukosa masomo kila mwezi kwa sababu mtu fulani alizifungia ghalani. Na kijana ambaye moyo wake umeelemewa, asiyeweza tena kusoma wala kulala kwa huzuni au hofu, amwambie mtu mzima anayemwamini, au apige namba 116 ya msaada kwa watoto, isiyotozwa malipo. Kunyamaza na dhiki ya namna hiyo kwa kudhani kuwa ndio uanaume au ndio uvumilivu kumewapoteza wengi waliokuwa na akili nzuri.

KCSE ya mfumo wa 8-4-4 inatarajiwa kufikia ukingoni 2027, na vijana wa mtaala mpya wamekwisha kuanza kuingia katika sekondari ya juu. Naogopa kwamba tutabadilisha majina ya madarasa na vitabu, tukaihamisha kengele ya saa kumi kama ilivyo hadi katika mfumo mpya, ambao wenyewe wasema kuwa wataka umilisi na ufahamu. Kwa hiyo naziomba bodi za usimamizi wa shule za kaunti hii, zikutanapo mwanzoni mwa muhula, ziisome kanuni ya 2015 kwa sauti mbele ya walimu wakuu na wazazi, na kuuliza kila shule saa ambayo taa za bweni huzimwa na saa ambayo huwashwa. Nawaomba wazazi waache kuuliza shule inaamka saa ngapi, waulize ina walimu wangapi wa sayansi na vitabu vingapi katika maktaba. Nawe mwanafunzi usomaye maneno haya, prepu ya leo ikiisha saa tatu na nusu, andika katika karatasi mambo uliyoyashika bila ya kutazama kitabu, weka alama kwenye mapengo utakayoyaziba kesho, kisha zima taa ulale hadi saa kumi na mbili. Una haki hiyo kwa sheria, na mtihani wako unaihitaji.